Kitanda Kilekile, Shuka Jipya

Antwerp, Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kama mchanga wa ziwani. Mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Umecheka? Mwalimu wetu wa darasa la sita angenipa tano kwa tano kwa mwanzo huo. Madhumuni ya barua hii, basi, ni kukujibu. Uliniuliza kwenye simu kwa nini nimetoa euro zangu kwenda kutazama majengo ya kampuni ya meli iliyokufa zamani, nikakuambia nitakuandikia, maana kwenye simu ungenikatiza kila neno la tatu.

Ameniponza bibi ninayemhudumia pale nyumba ya wazee. Baba yake alikuwa mhudumu wa mezani kwenye meli za Red Star Line, zilizokuwa zikitoka hapa Antwerp kwenda New York. Bibi kaachiwa kadi moja ya chakula ya melini, anaihifadhi ndani ya Biblia. Karatasi imegeuka rangi ya chai ya rangi, ukiikunja tu itakatika. Juu kuna mchoro wa meli, chini maandishi madogo: supu, samaki, nyama ya ng'ombe na viazi, tufaha za kuokwa, kahawa. Nikamwambia, kumbe matajiri walikula vizuri. Akanitazama kama vile nimemwagia maziwa kwenye godoro. Akasema hiyo ni ya daraja la tatu.

Nikabaki nayo kichwani wiki nzima. Daraja la tatu wewe na mimi tunalijua. Unaikumbuka MV Victoria, likizo ya Desemba, Mwanza hadi Bukoba usiku kucha juu ya benchi la mbao, wewe umelalia sanduku langu la bati ukidai unalilinda? Samaki na nyama ya ng'ombe tuliviona wapi? Tulikula mihogo mikavu ya mama yako, na yenyewe tukagawana na yule mzee wa kuku.

Basi Jumamosi nikaenda. Majengo yenyewe ni ya matofali mekundu, yako Rijnkaai, pembeni mwa mto Scheldt, na tangu 2013 yamefanywa makumbusho. Tangu 1873 hadi 1934 kampuni ile ilibeba watu wapatao milioni mbili. Einstein naye alipanda meli yao, Belgenland. Ndiyo iliyomshusha hapa Antwerp Machi 1933, Hitler ameshaishika Ujerumani, na kwao huko hakurudi tena. Lakini watu wa aina ya Einstein hawakupitishwa kwenye matofali yale. Humo waliingizwa wa daraja la tatu, wengi wametoka Poland, Urusi na huko mashariki, wameshasafiri kwa treni siku kadhaa. Unavua nguo zote. Nguo na mizigo vinaingizwa kwenye matangi makubwa ya mvuke ili chawa wafe. Wewe unaogeshwa maji ya moto, unasuguliwa kwa siki na benzini. Halafu daktari anakufunua kope.

Kope, Zuhura! Walikuwa wakitafuta trakoma, vikope vilevile vilivyompofusha mama mkubwa wa Dodoma. Ukionekana navyo husafiri. Kampuni haikufanya hivyo kwa huruma. Abiria akikataliwa na Wamarekani kule New York, kampuni iliyompeleka ndiyo iliyotakiwa kumrudisha kwa gharama yake, kwa hiyo ilikuwa nafuu kumkataa hapahapa. Nilisimama mbele ya picha za watu waliopanga foleni, akina mama wamefunga vitambaa kichwani kama sisi, nikawa naangalia macho tu.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya niandike. Kabla ya vita ya kwanza ya dunia, kuna miaka ambayo Marekani ilipokea wahamiaji zaidi ya milioni moja kwa mwaka mmoja. Kampuni za meli zikajenga meli kubwakubwa kwa ajili yao. Ukiona picha za meli za zama zile unaona dohani nne, taa na ngazi za marumaru, ukadhani kila kitu kinaendeshwa na fedha za matajiri, kumbe hela ya kutegemewa ilikuwa kule chini, kwa watu waliorundikwa kwa mamia. Halafu Marekani ikafunga mlango. Mwaka 1921 wakaweka sheria ya mgawo, kila nchi na idadi yake. Mwaka 1924 wakaibana zaidi: mgawo ukawa asilimia mbili ya watu wa nchi hiyo waliokuwa Marekani kwenye sensa ya 1890, yaani kabla Wataliani na Wayahudi wengi wa mashariki hawajafika. Hesabu hiyo haikuangukia hapo kwa bahati mbaya, mtu alikaa akaipiga. Italia, iliyokuwa ikipeleka watu zaidi ya laki mbili kwa mwaka, ikapewa nafasi 3,845. Nchi nyingi ndogo zikapewa watu 100, basi.

Meli nayo ni kama daladala, ikitembea tupu mafuta yanaungua vilevile. Mabaharia wanataka mshahara, gati linataka ushuru, na kule chini vitanda vimepangana havina wa kuvilalia. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Wao waliita mafundi seremala. Wakagawa yale mabweni kuwa vyumba vya watu wawili, watatu, wanne, wakapaka rangi nyeupe, wakaweka beseni la kunawia, taulo, viti vya kupumzikia, wakatundika mapazia. Kisha wakabadilisha jina. Halikuitwa tena daraja la tatu peke yake, likawa daraja la tatu la watalii. Katikati ya miaka ya 1920 wakaanza kulitangaza kwa walimu, wanafunzi wa vyuo, wachoraji, makarani, watu wenye kiu ya kuiona Paris na mfuko mwembamba. Kwenda na kurudi ulilipa chini ya dola 200. Mwalimu wa shule aliyedunduliza mwaka mzima aliweza kuvuka bahari akarudi kabla muhula haujafunguliwa. Meli ya Minnekahda iliyokuwa ikienda London ikatengwa kabisa kwa watu wa namna hiyo, hakuna daraja jingine juu yao.

Chumba chenyewe nilikiingia, wamekitengeneza kama kilivyokuwa. Nikinyoosha mikono nagusa ukuta huku na huku. Vitanda ni dabo deka, na kile cha juu kina ubao wa pembeni ili bahari ikichafuka usidondokee masanduku. Nilitafuta dirisha nikakosa. Bibi aliniambia vyumba vingi vya bei ya chini vilikuwa katikati ya meli, mchana na usiku ni taa, na bafu liko mwisho wa korido, unapanga foleni na kanga yako (yeye alisema gauni la kuogea, kanga nimemvisha mimi). Kutoka Antwerp ilikuwa safari ya siku tisa au kumi. Ndugu yangu, siku kumi na mtu usiyemjua anayetapika kitanda cha juu!

Lakini walifurahi. Hilo siwezi kuwanyima. Vijana wa vyuo wenye saksofoni na ngoma walipewa safari ya bure ili wapige muziki jioni, na wakati mwingine wale wa daraja la kwanza, wamechoka na hotuba na shanga zao, walikuwa wakiteremka chini kuutafuta. Jambo jingine la kuchekesha: Marekani ilikuwa imepiga marufuku pombe, na meli zenye bendera yake zikawa kavu kama kanisa. Meli yao kubwa, Leviathan, waliyoinyakua kwa Wajerumani wakati wa vita, ilikuwa inauza maji ya matunda wakati Waingereza na Wafaransa wanafungua baa mara tu nchi kavu inapopotea machoni. Wamarekani wakapanda za Wafaransa. Uzalendo una mipaka yake.

Na usidhani wahamiaji waliisha kabisa. Wachache waliopata nafasi kwenye mgawo walikuwa kwenye meli zilezile, ila waliwekewa sehemu yao mbali, na matangazo yaliwahakikishia watalii kwamba hawatachanganyika nao. Hapo ndipo niliponuna. Kitanda ni kilekile, shuka ndiyo jipya, na mwenye kitanda kaambiwa akae kule.

Watu weusi nao walivuka. Juni 1932 vijana 22 wa Kimarekani weusi, pamoja na mshairi Langston Hughes, walipanda meli ya Kijerumani iliyoitwa Europa, kila mmoja kajilipia nauli, wanakwenda Urusi kutengeneza filamu ambayo mwishowe haikutengenezwa. Na wa upande wetu? Peter Mbiyu Koinange wa Kenya alikwenda kusoma chuo cha Hampton, kule Virginia, mwaka 1927. Ndiyo, mwaka uleule Lindbergh alipoivuka Atlantiki peke yake kwa ndege na dunia nzima ikapiga makofi. Kwa mtu mwenye tiketi ya kununua, njia ilikuwa bado maji. Nimejaribu kumwona yule kijana wa Kiambu amesimama kwenye sitaha na koti la baridi, siku nzima hakuna mti hata mmoja.

Kuna mtu mmoja nimempenda, nikumalizie habari yake. Anaitwa Arnold Bernstein, Myahudi wa Ujerumani, mwenye meli wa Hamburg. Vita ya kwanza aliipigania nchi yake akapewa nishani. Biashara yake ilianzia kwenye magari. Zamani gari la Marekani likija Ulaya lilifungwa kwanza ndani ya kasha la mbao, na kasha lenyewe ni gharama. Yeye akatayarisha meli ambazo gari linaingia vivi hivi, kama ng'ombe zizini. Halafu akaweka vyumba vya abiria juu ya magari, bei ya chini, na daraja moja tu kwa wote. Red Star Line ilipoanguka kwa ule mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, mwaka 1935 aliinunua pamoja na meli mbili, Pennland na Westernland, akazitembeza Antwerp hadi New York kwa mtindo huohuo. Hakuna geti katikati ya sitaha wala kibao cha "mwisho wako hapa". Ile Belgenland ya Einstein yeye hakuichukua, na mwaka 1936 ilikatwakatwa kuwa chuma chakavu.

Mwaka 1937 serikali ya Hitler ikamkamata, wakasema kavunja sheria za fedha za kigeni. Wakamfunga, kampuni ikamtoka mikononi. Alipoachiwa mwaka 1939 meli zake zilikuwa zimekwenda kwa Waholanzi, na yeye akakimbilia New York, kule alikokuwa akipeleka watu kwa bei ya chini. Nilisoma maelezo yake mara mbili, nikakaa kwenye benchi mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama najisikia vibaya.

Nilikuwa namfikiria Haruni. Unajua tulivyochanga ile nauli, wewe mwenyewe ulitoa. Tiketi tumeshaiwekea nafasi, barua ya mwaliko nimeiandika mimi, ukumbi wa akika ya mwanangu umeshalipiwa. Ubalozi, nisiutaje ni upi, ukamrudishia pasipoti na karatasi yenye mstari mmoja: hawajaridhika kwamba atarudi kwao. Haruni, asiyeweza kukaa Mwanza siku tatu bila kulia Bukoba! Wakati huohuo jirani yangu hapa, kijana mwema tu, simsemi vibaya, alikata tiketi ya Zanzibar siku ya Jumatano na Ijumaa alikuwa Nungwi amenyoosha miguu. Viza aliipata kwenye simu, bado yuko kitandani.

Siwachukii walimu wale wa saksofoni. Walidunduliza kama sisi, na mimi ningekuwa mmoja wao ningekwenda mbio. Ila sasa nikimwangalia bibi na kadi yake ya tufaha za kuokwa, najua kitanda kile kilikuwa cha nani kabla hajapewa yule aliyezila tufaha hizo. Nilimwambia bibi habari hizi zote nikimkanda miguu. Akanyamaza, halafu akasema baba yake alipenda kuhudumia meza za watalii kwa sababu ya bakshishi, lakini waliokuwa wakimaliza sahani ni wale wengine.

Haya, mkono umechoka. Kadi iliyomo humu ni picha ya Pennland, nimeinunua pale dukani kwao. Ilizamishwa kwa mabomu huko baharini Ugiriki mwaka 1941, kwa hiyo usimpe Nassor aikatie mkasi, meli yenyewe imeshateseka vya kutosha. Iweke kwenye kabati la vyombo. Haruni mwambie asiitupe ile barua ya ubalozi, nataka kuisoma tena akitulia. Na senene, msimu wake ukifika, nitumie japo kopo moja. Nauli yao nitalipa mimi.

Wako wa sanduku la bati,
Mama Salma