Kwa Swaleh, kuhusu mgongo wa Romo na yule kijana wa akiba

Irving, Texas
Jumapili, 28 Agosti 2016

Ndugu yangu Swaleh,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na Mama Nasra na watoto, na kwamba miguu ya Bi Mkubwa imepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Joto la Agosti unalijua, halina la kusimuliwa. Abdalla anakusalimu, na yule bwana wa Garland bado hajarudisha ngazi yako.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe, maana ujumbe wako wa sauti wa jana usiku umenikaa kifuani. Ulivyosema "msimu umekwisha kabla haujaanza" nilisikia kabisa kwamba ulikuwa karibu kulia. Nimeona nikuandikie kwa kituo, kwa sababu haya hayaenei kwenye simu.

Naam, ni kweli. Jana wametangaza kwamba Tony Romo, kwotabeki wetu wa Dallas Cowboys, yule anayeongoza timu na kurusha pasi katika mpira wa Kimarekani, amevunjika mfupa mmoja wa uti wa mgongo. Magazeti yanataja wiki sita hadi kumi. Uliniuliza ilikuwaje. Ilikuwa Seattle, Alhamisi usiku, katika mechi ya kujipima nguvu kabla ya msimu, mara ya tatu tu mpira kuanzishwa. Romo aliona njia imezibwa, akachomoka mbio, na alipokuwa akijitelezesha chini ili wasimguse, Cliff Avril, mlinzi wa Seattle, akamdaka kwa nyuma wakaanguka pamoja. Mgongo ukajikunja vibaya. Akajishika kiuno akabaki chini, na hapa sebuleni hakuna aliyetoa neno. Halafu akainuka, akatembea kwa miguu yake, akawa anawasihi makocha wamrudishe mchezoni! Ndiyo maana siku mbili zile tulidhani ameponea chupuchupu.

Miaka 36, Swaleh. Na mwaka jana mtulinga ulivunjika mara mbili, Philadelphia mwezi wa Septemba, kisha tena Siku ya Shukrani mbele ya Carolina. Nakumbuka siku ile ulivyoondoka kwa Abdalla bila kumaliza chakula.

Kwa hiyo hasira yako ina haki. Wewe ulikuwepo msimu ule wote. Tulishinda mechi 4, tukapoteza 12. Romo alianza mechi 4 akashinda 3. Zilizobaki 12 wakapokezana Weeden, Cassel na Kellen Moore, ukapatikana ushindi 1. Mtu aliyeyaona hayo akiambiwa "kuna kwotabeki wa akiba, mtulie", lazima achukie.

Lakini huyu kijana si Weeden. Huyu ndiye ninayetaka kukueleza.

Jina lake Dak Prescott, anavaa namba 4, anatoka Haughton, Louisiana, amesoma Mississippi State. Aprili hii, ligi ilipogawa wachezaji wapya kutoka vyuoni, timu yetu ilimchukua raundi ya nne, wa 135. Makwotabeki saba walikuwa wamekwisha kuchaguliwa kabla yake! Na hata sisi hatukumtaka yeye kwanza. Jerry Jones, mwenye timu, alimtaka Paxton Lynch, Denver wakamruka mbele na kumchukua. Kisha macho yakaenda kwa Connor Cook, Oakland wakapanda hadi nafasi ya 100 wakamnyakua, na zamu yetu ilikuwa 101. Prescott alipatikana baada ya milango miwili kufungwa. Alipofika kambini alikuwa wa tatu, nyuma ya Romo na Moore. Mapema mwezi huu Moore akavunjika mguu mazoezini Oxnard, kijana akapanda hatua moja. Sasa Romo. Kwa wiki chache ametoka kwenye kushika daftari pembeni mwa uwanja hadi kukabidhiwa timu ambayo jimbo zima linaitolea macho.

Mechi ya kwanza ya kujipima nguvu ilikuwa Los Angeles, tarehe 13, dhidi ya Rams. Ligi ilikuwa inarudi mji ule baada ya miaka zaidi ya 20, na uwanja wa Coliseum ulijaa watu zaidi ya 89,000. Romo alipumzishwa, Prescott akaanza yeye. Pasi 12, zikafika 10, yadi 139, tachidauni 2, yaani mara mbili mpira ukafika mwisho wa uwanja wa adui. Moja ilikwenda kwa Dez Bryant, mpokeaji wetu mkubwa. Wiki iliyofuata nyumbani Arlington na Miami: pasi 15, zikafika 12, yadi 199, tachidauni 2 za kurusha na 2 nyingine akaingia nazo mwenyewe kwa miguu. Alhamisi Seattle akatupa 23, zikafika 17, yadi 116, tachidauni 1 kwa Witten. Jumlisha: pasi 39 kati ya 50, tachidauni 5 za kurusha, na hakuna hata pasi moja iliyonyakuliwa na adui.

Najua utakachosema. Utasema mechi hizi ni za kudanganyana, na ni kweli zinadanganya. Makocha wanaficha mbinu zao zote nzuri, ulinzi unacheza ule wa kawaida tu, hakuna anayeleta mashambulizi ya ghafla kumkurupusha kwotabeki. Wakubwa wanacheza kidogo wanavua helmeti, na kufika kipindi cha pili uwanja umejaa vijana wanaogombea riziki, maana kila timu ina watu 90 na Jumamosi ijayo lazima wabaki 53. Kila Agosti kuna kijana anayewashinda watu wa daraja la tatu, mji mzima unamwimba, na Oktoba humsikii tena. Hayo nayakubali yote.

Ndiyo maana mimi nakuomba uweke kando yadi 199 za Miami uiangalie ile mechi ya Seattle yenye yadi 116 tu. Seattle ni ulinzi gani? Miaka minne mfululizo hakuna timu katika ligi iliyofungwa pointi chache kuliko wao. Na huyu hakuingia kipindi cha nne kucheza na vijana wa riziki. Aliingia mwanzoni kabisa, bila kujiandaa, kiongozi wake akiwa ametoka kuanguka mbele ya macho yake, akawakuta wale wale wakubwa. Nilimtazama uso. Alikwenda kwenye duara akawapa mchezo, wakapanga mstari, basi. Walipomzibia pasi ndefu alitoa fupi, na fupi tena. Yadi nne, yadi tano, yadi sita. Hakulazimisha. Kwotabeki mchanga anayetaka kuonekana hutupa mpira katikati ya watu watatu ili watangazaji wapige kelele. Huyu alichukua alichopewa akaendelea.

Nikisema hivi Abdalla ananiambia nimemwona mahdi. Lakini jambo hili linanishughulisha kweli, kwa sababu kule chuoni alizoea kusimama mbali na mpira na kuusoma uwanja akiwa na nafasi, na wengi walisema itachukua miaka kumfundisha kupokea mpira karibu, kurudi hatua zake, kuita mchezo mrefu wenye maneno kumi na mawili mbele ya watu wazima. Miezi minne tu tangu achaguliwe! Na wale watu wazima wanamsikiliza. Dez anamsikiliza, na unamjua Dez.

Tena ukuta wetu, wale wanaomkinga kwotabeki, unaujua. Tyron Smith, Frederick, Zack Martin. Nyuma yao safari hii yupo mkimbiza mpira Ezekiel Elliott, aliyechaguliwa wa nne, Alhamisi ndiyo ilikuwa mechi yake ya kwanza na hakumkwepa hata Kam Chancellor, yule mlinzi mkali wa Seattle. Weeden na Cassel hawakuwa na mtu kama huyo wa kuwapunguzia mzigo. Kwa hiyo... lakini ngoja, hili tulizungumze siku nyingine, nitaandika mpaka alfajiri.

Jambo jingine. Leo ni tarehe 28 Agosti. Tarehe kama ya leo mwaka 1999, katika mechi ya kujipima nguvu vilevile, Rodney Harrison wa San Diego alimwangukia Trent Green, kwotabeki wa Rams, gotini, goti likaharibika, msimu wake ukaisha hapo hapo. Kocha wao Vermeil alilia mbele ya waandishi, na huku machozi yakimtoka akasema timu itasimama nyuma ya kijana wa akiba, Kurt Warner. Kurt Warner! Mtu aliyekuwa akipanga bidhaa usiku kwenye rafu za duka kule Iowa. Januari iliyofuata akabeba Super Bowl, fainali ya ligi, na tuzo ya mchezaji bora wa ligi alikuwa ameshaipata. Nilipomsomea mwanangu Salim habari ile nilikufikiria wewe na mimi na zile zamu zetu za usiku na maboksi ya maziwa, na namna tulivyokuwa tukimsubiri meneja wetu ajue kwamba tuna vyeti.

Na Romo mwenyewe je? 2003 hakuna timu hata moja iliyomchagua, raundi zote saba. Alikaa benchi mpaka Oktoba 2006 ndipo alipompokea kwotabeki Bledsoe. Wewe ulimpenda kwa sababu hiyo hiyo, uliniambia mwenyewe. Sasa kijana mwingine anasimama alipokuwa amesimama yeye, na naona unamnunia kabla hajatupa pasi yake ya kwanza ya msimu.

Hapa ndipo ninapoumia, nakwambia kweli. Nataka Prescott ashinde, na nataka Romo arudi. Redioni wameanza kuuliza tangu jana: kijana akishinda mechi tano, sita, Romo akapona, nani anaingia? Wengine wanaita wakipiga kelele kwamba letwe mkongwe kutoka timu nyingine, kijana arudi benchi akajifunze. Mimi sitaki mkongwe. Na sitaki pia Romo atoke kwa mlango wa nyuma baada ya miaka yote hii ya kuvunjwa mbavu na mgongo kwa ajili yetu. Wazee wetu wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Basi na apone kweli, apone mpaka aweze kumbeba mwanawe bila maumivu, mpira ni baadaye. Kocha wetu Garrett anasema atarudi msimu huu huu. Mimi nikiutazama ule mgongo ulivyojikunja...

Basi. Nina ombi, na ombi ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Huyu mwanangu Salim ni mtoto wako pia. Umemwacha mdogo, sasa ananipita kimo. Mwaka huu wamemweka kwotabeki wa pili wa timu ya shule. Ijumaa msimu wao umefunguliwa, tumekwenda wote na mama yake, taa zimewashwa, bendi inapiga, na Salim hakuingia hata mara moja. Alisimama pembeni na ubao wake akimwonyesha mwenzake ishara za kocha. Njiani kurudi hakusema kitu. Usiku nikamkuta anaitazama tena ile mechi ya Seattle, anaisimamisha, anairudisha, anaandika Prescott aliweka wapi macho kabla ya kila pasi. Ndiye aliyenieleza kwamba mama yake Prescott, Peggy, alikufa kwa saratani ya utumbo mwaka 2013 kijana akiwa chuoni, na kwamba hakuacha kucheza. Mama Salim anataka mtoto aache mchezo huu wote, anaogopa vichwa vinavyogongana, na hofu yake ni ya kweli, siwezi kuipuuza, hasa baada ya Alhamisi. Mimi nikisema neno naonekana nimeshika upande. Wewe ni ami yake, wewe umekuwa kipa wa akiba miaka mingi pale Mbaraki, Mombasa, ukimsubiri Omari aumie. Mpigie. Usimwambie avumilie, hilo tunamwambia sote. Mwulize anaona nini akiwa pembeni, maana anaona mengi, na hana mtu wa kumwambia.

Mechi ya kwanza ya ligi ni Septemba 11, hapa hapa Arlington, na Giants. Huku itakuwa alasiri saa tisa na dakika 25, kwenu saa tano na dakika 25 usiku. Mwezi ukiandama vizuri huenda ndio ukawa mkesha wa Idd kubwa, kwa hiyo nyumba itakuwa macho hata hivyo.

Sasa nijibu haya. Utaitazama au umeapa kabisa? Kwa Hamisi bado kuna ile intaneti nzuri? Mama Nasra alipata ile kazi ya bandarini? Bi Mkubwa anatumia zile dawa nilizomtuma Zubeida, au zimewekwa kabatini kama za mwaka jana? Fulana yako ya Romo, namba 9, bado iko chumbani kwa Salim: nikutumie, au imkae mtoto? Ukimweka Prescott na Romo wa 2006 ubavu kwa ubavu, wewe uliyemwona yule kwa macho yako, unaona tofauti gani? Na lini utampigia Salim? Jumatano hana mazoezi ya jioni, saa mbili usiku wetu huwa yuko macho, huko kwenu ni saa kumi alfajiri, unaamka kula daku za sunna wewe, si ndiyo?

Nisalimie wote. 

Ndugu yako,
Athumani