Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa IEBC, Tume ya Uchaguzi ya Kenya: lugha za jamii ndogo kwenye meza ya kura

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: LUGHA ZA JAMII NDOGO KATIKA UCHAGUZI MKUU WA 2027

Tarehe 10 Agosti 2027 Wakenya watapanga foleni tena. Tunakuandikia mapema kwa ajili ya raia ambao Kiswahili kwao ni lugha ya kusikia sokoni, na Kiingereza ni cha makaratasi ya serikali: Mdaasanach wa Ileret, Mrendille wa Laisamis, mzee wa Kiogiek kule Mau.

Katiba imekwisha kusema. Kifungu cha 7 kinaitaka serikali ikuze matumizi ya lugha za kiasili, lugha ya ishara na breli. Kifungu cha 83(3) kinataka mipango ya uchaguzi imrahisishie raia kupiga kura, isimnyime. Elimu ya wapigakura, chini ya Kifungu cha 88, ni kazi ya Tume yako.

Watu wakisikia "lugha za kiasili kwenye kura", hufikiria karatasi iliyochapishwa upya kwa Kirendille. Hatuanzii hapo. Karatasi ya sasa ina jina, picha na alama ya chama, na asiyesoma humtambua mtu wake kwa sura. Hukwama anapokabidhiwa karatasi sita kwa mpigo, moja kwa kila kiti kinachogombewa, na tena anapotoka kibandani akakuta masanduku sita yenye vifuniko vya rangi tofauti. Kura za urais zilizokataliwa mwaka 2022 zilikuwa 113,614. Ngapi ziliharibika kwa sababu ya lugha? Fomu ya matokeo ya kituo huandika idadi tu. Lugha haina mahali pake.

Tafsiri ya haraka nayo huharibu. Hata Kiswahili chetu kina mitego. Mwambie mtu "tia sahihi kwenye kisanduku". Aliyekwenda shule anawaza tiki. Aliyezoea kutia saini akipokea chakula cha msaada anawaza kuandika jina lake, na karatasi yenye maandishi yanayomtambulisha mpigakura hukataliwa. "Kisanduku" nacho ni kile cha kwenye karatasi, au ni sanduku la kura pale nje ya kibanda? Seneta, mwakilishi wa wanawake na mbunge wa eneobunge wote huketi bungeni, basi mfasiri mwenye haraka hutoa neno moja kwa karatasi tatu.

Dawa yake haina gharama kubwa. Yatosha maneno kama 40 ya uchaguzi kwa kila lugha. Wazungumzaji watatu wakae pamoja na kurekodi maelezo ya kura: mzee, mama, na kijana aliyesoma. Kila karatasi ielezwe kwa rangi yake na kwa kazi ya anayechaguliwa. Kisha mtu wa nne, ambaye hakuwapo, asikilize rekodi na kuirudisha kwa Kiswahili. Akirudisha "andika jina", kazi inaanza upya. Rekodi isizidi dakika moja kwa kila karatasi, ipigwe kwa spika kwenye foleni, kabla mpigakura hajafika kwenye meza ya utambulisho, na mawakala wa vyama wapewe nakala wiki moja mbele ili asitokee wa kudai kuwa ni kampeni.

Lililo zito zaidi ni msaada ndani ya kituo. Kanuni ya 72 ya Kanuni za Uchaguzi za 2012 inamruhusu mwenye ulemavu, au asiyejua kusoma na kuandika, aje na msaidizi aliyemchagua mwenyewe. Msaidizi awe ametimiza miaka 18, asiwe mgombea wala wakala, na aapishwe kutunza siri. Ila haruhusiwi kusaidia zaidi ya mtu mmoja. Sasa piga picha manyatta yenye kijana mmoja tu anayejua Kiswahili vizuri. Akishamsaidia nyanya yake, jirani wa nyanya inabidi asaidiwe na msimamizi wa kituo mbele ya mawakala, amtaje mgombea wake kwa sauti, tena kupitia mkalimani wa kuokotwa foleni. Hiyo si siri tena. Na kanuni yenyewe haitaji lugha popote.

Tunaomba mambo mawili. Kwanza, pelekeni Bungeni marekebisho yatakayoanzisha karani wa lugha aliyeapishwa, anayemweleza mpigakura kabla hajapewa karatasi na asiyekaribia kibanda kamwe. Pili, hata kabla ya Bunge kukaa, tangazo la kazi za makarani lidai ufasaha wa lugha ya eneo kwa angalau mmoja katika kila kituo, na ufasaha huo upimwe kwa kusikilizwa na wazee wa hapo. Jina la ukoo halithibitishi kuwa mtu anajua lugha.

Vilevile msichague lugha kwa kutazama jina la kabila kwenye sensa. Wayaaku wa Mukogodo leo huzungumza Kimaa nyumbani, na Waelmolo wa Ziwa Turkana Kisamburu. Rekodi ya Kiyaaku ingekuwa heshima kubwa kwa lugha hiyo, lakini siku ya kura isingemsaidia mtu. Ulizeni wadi kwa wadi: mama akimfokea mtoto, humfokea kwa lugha gani?

Wengine walishapita njia hii. Tangu 1975 sheria ya Marekani huzitaka sehemu zenye wazungumzaji wa kutosha wa lugha za wenyeji asilia zitoe msaada kwa lugha hizo, na lugha isiyo na mapokeo ya maandishi hupewa msaada wa mdomo. Hata hivyo Wayup'ik, wenyeji asilia wa Alaska, walilazimika kwenda mahakamani, na mapatano kuhusu eneo lao la Bethel yakapatikana 2010. Hapa kwetu, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2006 kwamba Wailchamus, jamii ndogo ya Baringo, wana haki ya kuwakilishwa. Msingi upo.

Anzieni Ileret. Wadi moja, lugha moja, rekodi sita. Fanyeni zoezi la kura ya mfano kwa karatasi sita za rangi halisi, mhesabu zilizokosewa, mrekebishe maneno, mrudie. Likianza mwaka huu, muda wa kukosea na kusahihisha bado upo.

Wako,
Wakufunzi wa elimu ya wapigakura na wakalimani wa lugha za kiasili