Nyasi zikikatwa chini mno, magugu hupata nafasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu wenye viwanja vya nyasi, ambao magugu yakichomoza hukimbilia chupa ya dawa kabla ya kujiuliza yameingiaje. Nimetunza uwanja wangu kwa miaka kadhaa bila kunyunyizia dawa yoyote, na nimeona kwamba mara nyingi anayeyakaribisha magugu ni mwenye uwanja mwenyewe, kwa kukata nyasi chini mno.

Mbegu za magugu mengi ni ndogo, nazo huhitaji mwanga ili ziote. Nyasi zikiachwa ndefu kiasi huutia udongo kivuli, na mizizi yake hushuka zaidi kwa kuwa hulishwa na majani. Kwa nyasi zinazokua kwa kusimama, sentimita 7 hadi 9 zinafaa. Ukoka na jamii zake zinazotambaa hustahimili sentimita 3 hadi 5, lakini hata huo ukinyolewa mpaka udongo uonekane hushindwa kuziba mapengo. Tusikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja, kisu kiwe kikali, na mabaki yaachwe papo hapo yaoze, yaurudishie udongo naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani. Najua wapo watakaosema uwanja wa namna hiyo haupendezi. Mimi pia nilisema hivyo, hadi nilipochoka kupalilia kila wiki.

Magugu yenyewe nayo hueleza hali ya udongo. Klova, kwa mfano, ule mmea mdogo wenye majani matatu matatu, hushamiri palipopungukiwa na naitrojeni, kwa sababu bakteria walio mizizini mwake huichukua kutoka hewani, wakati nyasi hazina uwezo huo. Zamani mbegu zake zilichanganywa makusudi na mbegu za nyasi. Ni baada ya dawa ya 2,4-D kuanza kuuzwa katika miaka ya 1940, dawa inayoua mimea ya majani mapana na kuziacha nyasi, ndipo klova ilipohesabiwa kuwa gugu.

Ndago ni shauri jingine, na sitamdanganya mtu kwamba ni kazi nyepesi. Ukiivuta kwa mkono shina hukatika, na vile viazi vyake vidogo hubaki udongoni vikiwa tayari kuchipua upya. Mahali penye ndago chache, chimba kwa uma wa bustani udongo ukiwa umelowa, ufuate kila kiazi hadi cha mwisho. Zikiwa nyingi, kata machipukizi kila baada ya wiki 2 au 3 bila kuruka, ili viazi vimalize akiba yake ya chakula kabla ya kuzaa vingine, ukijua kwamba kazi hiyo yaweza kuchukua zaidi ya msimu mmoja.

Nitahadharishe pia juu ya siki na chumvi, ambazo husifiwa sana kwa kuwa hutoka jikoni. Siki huunguza majani inayoyagusa, yakiwemo ya nyasi, huku gugu lenye mzizi mrefu likichipua tena baada ya siku chache. Chumvi ni mbaya zaidi, kwani hubaki udongoni na kuzuia hata nyasi tunazozitaka zisiote. Maji yanayochemka yanafaa kwenye nyufa za njia zilizosakafiwa, ambako hakuna nyasi za kuokoa.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni tundu linalobaki baada ya kung'oa. Lijazwe mboji siku hiyo hiyo, lipandwe mbegu za nyasi au kipande cha ukoka, kisha limwagiliwe mpaka mizizi ishike, kwa sababu likiachwa wazi mbegu za magugu zilizokuwa chini ya udongo hupata mwanga zilioukosa, na kazi yote huanza upya.

Wako mtiifu,
Msomaji na mtunza bustani