Anayefunga mitambo ya sauti akabidhi na programu yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe ombi kwa wenye kumbi, kwa kamati za ujenzi za makanisa na misikiti, na kwa maofisa ununuzi wa taasisi zilizopo Dodoma. Wanaponunua mitambo ya sauti yenye prosesa ya kidijitali, yaani chombo kinachorekebisha sauti kabla haijafika kwenye spika, waandike katika mkataba kwamba mfungaji atakabidhi pia programu ya kuiongozea, faili la mipangilio na nywila zake, na kwamba atamfundisha fundi mitambo wa ukumbi mpaka aweze kuitumia bila kushikwa mkono.

Tangu Serikali ilipohamia hapa, kumbi za mikutano zimeongezeka sana, na nyingi zina sakafu ya vigae, madirisha mapana ya vioo na dari la juu, vitu ambavyo huirudisha sauti badala ya kuinyonya. Ndiyo maana prosesa zimekuwa za lazima. Lakini nyingi kati ya hizo hazina vitufe vya kurekebishia. Usoni zina taa chache tu, na kazi yote hufanyika kwenye kompyuta iliyounganishwa nazo kwa waya. Mfungaji akiondoka na kila kitu ndani ya kompyuta yake, ukumbi unabaki na chombo cha gharama kubwa ambacho hakuna anayeweza kukigusa.

Nichukue mfano wa spika za nyuma. Kwa joto letu la mchana, sauti husafiri hewani takriban mita 345 kwa sekunde, hivyo kutoka spika za jukwaani hadi kwa msikilizaji aliyeketi mita 20 nyuma hutumia karibu milisekunde (elfu za sekunde) 58, ilhali umeme unaopita kwenye waya huifikia spika iliyo juu ya kichwa chake papo hapo. Asipocheleweshewa spika hiyo, atasikia kila neno mara mbili, na hotuba itamchosha hata ikiwa kubwa kiasi gani. Ndani ya programu fundi huandika ucheleweshaji wa milisekunde 58 na kuongeza nyingine kama 10, ili sikio liamini kuwa sauti inatoka kwa msemaji aliye mbele, jambo ambalo mtafiti Mjerumani Helmut Haas alilieleza mwaka 1949. Sasa ukumbi ukisogeza jukwaa kwa ajili ya harusi au mahafali, hesabu hiyo imeharibika, na asiye na programu hawezi kuirekebisha. Kinachofuata tunakijua sote: anapandisha sauti, maiki zinaanza kupiga mluzi, na waliokaa nyuma bado hawaelewi kinachosemwa.

Mafunzo ninayoyasisitiza hayana budi kugusa jambo moja ambalo huonekana dogo. Katika programu nyingi za aina hii, kompyuta inapounganishwa na prosesa, fundi hutakiwa kuchagua ama kuvuta mipangilio iliyomo ndani ya prosesa au kupeleka iliyomo kwenye kompyuta. Akipeleka faili tupu, kazi yote ya mfungaji hufutika kwa kubonyeza mara moja, yaani ikwalaiza (marekebisho ya sauti nzito na nyembamba), mgawanyo wa masafa ya sauti kati ya spika za besi na za sauti nyembamba, na limita zinazozilinda spika zisiungue. Kwa hiyo nakala ya faili ihifadhiwe mahali pawili kabla mtu yeyote hajagusa chochote, na aliyepewa kazi hiyo afahamu wazi ni upande upi unaoandikia mwingine.

Ninaelewa kwa nini wafungaji wengi hufunga prosesa kwa nywila na kuondoka nayo. Mafundi wa shughuli za siku moja huja, huondoa limita ili muziki uvume zaidi, na spika zikiungua lawama humrudia aliyezifunga. Hofu hiyo ni ya haki. Hata hivyo, programu nyingi huruhusu ngazi tofauti za matumizi: mgeni akapewa uwezo wa kupandisha na kushusha sauti za maiki peke yake, fundi wa ukumbi akaweza kubadili ucheleweshaji na ikwalaiza, na nywila kuu ikatunzwa na meneja. Wala hoja ya gharama haina uzito, kwa sababu watengenezaji wengi huitoa programu yenyewe bure kwenye tovuti zao.

Siku ya makabidhiano, kamati iombe kompyuta ya mfungaji ichomolewe. Fundi wa ukumbi aunganishe ya kwake, avute mipangilio, abadili ucheleweshaji wa spika moja, aihifadhi, kisha airudishe ilivyokuwa mbele ya wote. Malipo ya mwisho yatolewe baada ya hapo.

Fundi mitambo,
Dodoma