Barua kwa binti yangu: "that" ikidondoka, "he" inabaki

Muheza, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi huku hatujambo. Mvua imeanza vizuri na mama yako ameshapanda mahindi nyuma ya banda. Picha ya ile karatasi yako ya Kiingereza ya kazini uliyonitumia kwa WhatsApp nimeikuza mpaka kidole kimechoka. Nimeona kalamu nyekundu ya mkuu wako ilikopita: hapa amekata "that", mistari miwili chini ameiongeza, na kwingine amekata "he" akakuacha unashangaa. Unaniuliza, "Baba, huyu ana kanuni au ana hasira tu?" Haya hayajibiki kwa simu. Ishike karatasi yako mkononi, nami hii ndiyo yangu.

Tuanze na mstari wa juu kabisa: "My supervisor he said that I am late." Hiyo "he" umeitoa nyumbani, mwanangu, hukuitoa shuleni. Kwetu kitenzi mara nyingi hakitoki nje bila mtu: msimamizi wangu alisema. Jina limeshatajwa, na bado a- ipo pale pale mbele ya kitenzi. Kwa hiyo ukisikia "My supervisor said", unakiona kitenzi kiko uchi, unakivika "he". Lakini "he" si kiambishi, ni neno zima linalokaa kwenye kiti cha jina, na kiti hicho hakikaliwi na wawili. Jina likikaa, "he" anasubiri nje. Jina lisipokuwepo, "he" hana budi kuingia, maana kitenzi cha Kiingereza peke yake hakimtaji mtu. "Said" ni nani? Mimi, wewe, wale, yeyote.

Ukishalishika hilo, "that" haitakusumbua. Sisi tunasema "nadhani kwamba atakuja" na tunasema "nadhani atakuja". A- ya "atakuja" inatosha kututambulisha kwamba maneno mengine yameanza. Nao Waingereza husema "I think that he will come" na "I think he will come". Kinachowarahisishia kuidondosha "that" ni hiyo "he" yenyewe. Tazama umbo lake: ni la mtenda. Angekuwa mtendwa, angeitwa "him". Ukisoma "I believe him", mambo yameisha. Ukisoma "I believe he", unajua kuna kitenzi kiko njiani. Ndivyo zilivyo "I", "she", "we" na "they". "You" na "it" hazibadiliki umbo, lakini ni fupi na zimezoeleka, hazimpotezi mtu.

Jina la kawaida halina alama hiyo. "I believed the witness" inamfanya msomaji aone nilimwamini shahidi. Anaendelea kidogo, anakuta "was lying", anarudi nyuma kuanza upya. Weka "that" baada ya "believed", hajikwai. Ndiyo maana mkuu wako ameikata kwenye "I think that you will receive", na ameiongeza kwenye "We confirm the parcel of the customer has arrived". Si hasira. Ila ile ya kwanza angeweza kukuachia, haikuwa kosa. Ilikuwa kama kuvaa koti kwenda dukani kununua chumvi. Katika mazungumzo, baada ya "think", "know" na "say", inadondoka kila saa, hasa ikifuatwa na "I" au "he". Katika maandishi ya ofisi, baada ya kitenzi kama "confirm", ibakize.

Sasa nikuambie kwa nini mimi naiogopa "he" kuliko "that". Unajua nilikuwa mpiga chapa mahakamani kabla hujazaliwa. Mashahidi walisema Kiswahili, hakimu akasikia Kiswahili, mkono wake ukaandika Kiingereza. (Sheria ilikuja kubadilishwa mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, mimi nimeshastaafu nafuga kuku.) Basi palikuwa na kesi ya mbuzi. Mshtakiwa alikuwa mwanamke. Akapanda shahidi, mama mtu mzima mwenye sauti ya kuitana kisimani, akasema: "Mama jirani aliniambia kwamba amechukua mbuzi usiku."

Hakimu akasimamisha kalamu. Amechukua nani? Huyo mama jirani mwenyewe? Mshtakiwa? Au mume wa mshtakiwa, aliyekuwa benchi la nyuma anakuna kidevu? A- yetu moja inawabeba wote watatu, mwanamume kwa mwanamke, na haitoi jasho. Shahidi akanyoosha kidole kizimbani: huyu. Hakimu akaandika: "She told me that she had taken the goat at night." Hapo pana "she" mbili za wanawake wawili tofauti, na anayesoma bila kukiona kile kidole bado anaweza kuchanganyikiwa. Lakini angalau mume ametoka kwenye hesabu.

Mwandiko wa yule hakimu ulikuwa nyayo za kuku. Nikapiga: "She told me that he had taken the goat at night." S moja tu ilinipotea, nayo ilipotea kwenye nakala zote nne, maana kaboni haisahihishi mtu. Jalada likaenda rufaa. Wakili wa mshtakiwa akasoma, akaona neema: kumbe aliyechukua mbuzi ni mwanamume! Nikaitwa. Hakimu hakupaza sauti. Alifungua kitabu chake, akaweka ukucha juu ya ile s, akaniangalia. Kurasa 11 nilizipiga upya usiku ule kwa mwanga wa karabai, umeme ulikuwa umekatika. Ningeidondosha "that", nikaandika "She told me she had taken the goat", hakuna ambaye angeniita.

Tazama pia "had taken". Shahidi alisema "amechukua". Sisi tunaacha wakati wa msemaji kama ulivyotoka kinywani, wao "told" au "said" ikiwa ya jana huivuta nyuma na inayofuata. Kwa hiyo "Alisema nimechelewa" ni "He said I was late". Hiyo "am" yako ndiyo ya mwisho kukatwa kwenye mstari ule.

"I want that he signs" nayo itoe. Najua, "nataka asaini" inakuvuta huko. "Want" haipokei "that", inamkamata mtu moja kwa moja kama mtendwa: "I want him to sign." "Order" na "insist" zinaipokea, na hapo utakutana na ajabu: "The court ordered that he be released." Si "is", ni "be". Siku za mwanzo niliona hakimu kakosea, nikamsahihishia. Sikurudia. Ni ile -e ya kwetu, mahakama iliamuru aachiwe, ila wao wanaionyesha kwa kukiacha kitenzi mikono mitupu. "I insist that he sign", bila s. Waingereza wengi hupitia njia nyingine, "should be released", nayo ni salama kwako.

Na ile "it" ya "It is said that he ran away" usiitafutie mwenyewe. Ni kama i- ya "inasemekana": inasemekana nini? Hakuna kitu pale, kiti kimewekwa tu ili kisibaki wazi, habari yenyewe iko baada ya "that". Ukiipeleka habari mbele, "That he ran away is not disputed", hapo "that" hairuhusiwi kudondoka hata kidogo.

"Kwamba" yetu imetoka kwenye kitenzi cha kale, kuamba, yaani kusema, ndicho kilichozaa kuambia na kuambiwa (usikichanganye na kuwamba ngoma). "That" yao ilianza kama kidole: "najua lile, anaumwa". Sisi tulipita kwenye kusema, wao kwenye kuonyesha. Ila hawana "eti". Wakiwa na shaka na maneno ya mtu, inawabidi wabadili kitenzi, waandike "claimed" badala ya "said".

Nimemsomea mama yako barua hii kwa sauti hapa barazani. Nilipofika mwisho ananiuliza: eti, yule mbuzi alipatikana? Hakupatikana.

Ni mimi baba yako.