Kumpita mwendesha baiskeli ni sawa na kulipita gari

Mhariri,

Barabara za kutoka Nakuru kwenda Njoro, Mau Narok, Dundori, Subukia na Mogotio zina wageni kila wikendi asubuhi: waendesha baiskeli wa mazoezi, wakiwa wawili watatu au kundi zima. Malalamiko nayo ni yale yale. Madereva wanasema watu hawa wamejitwalia barabara. Waendesha baiskeli wanasema wanasukumwa mtaroni. Wanachogombania ni upana wa lami, na upana hupimwa. Naomba nafasi nipime.

Barabara nyingi za lami za vijijini zina upana wa mita 6 au 7, yaani kila upande mita 3 hadi 3.5. Mwendesha baiskeli anayejua kazi yake hukaa nusu mita kutoka ukingo wa lami. Kutoka gurudumu lake hadi kiwiko cha kulia ongeza sentimita 35. Halafu weka mita 1.5 ambazo gari linapaswa kumwachia. Ufaransa inazidai kisheria nje ya miji, na Ujerumani tangu 2020 inadai mita 2. Jumla tayari ni mita 2.35. Kwenye upande wa mita 3.5, kilichobaki ni mita 1.15. Matatu ya abiria 14 ina mita 1.7 hadi 1.9 bila kuhesabu vioo, na lori lina mita 2.5.

Sasa msogeze huyo mtu hadi sentimita 20 kutoka ukingoni, kama madereva wengi wanavyotaka. Pamebaki mita 1.45. Matatu bado haitoshi, lori ndilo kabisa. Kwa hivyo gari lolote likitaka kumpita salama lazima livuke mstari wa katikati. Na kama kuna gari linakuja mbele, kuvuka kwa nusu mita hakuwezekani, sawa tu na kuvuka kwa mita 2. Dereva atasubiri kwa vyovyote. Anayebana kando hampunguzii dereva kungoja hata kidogo. Anampa tu kishawishi cha kupenyeza, na wengi wa wanaogongwa na vioo vya pembeni hugongwa hapo.

Kungoja kwenyewe ni muda gani? Baiskeli ya mazoezi kwenye tambarare huenda kilomita 25 kwa saa. Ukiifuata kwa mita 200 mpaka kona iishe, badala ya kwenda 60, umepoteza sekunde 17. Ni sekunde 17 tu.

Najua swali linalofuata: mbona hawapiti pale kando penye changarawe, na nafasi ipo? Ukiwa juu ya kiti cha gari, pale kando panaonekana kama njia. Shuka utazame. Lami imemegeka na kuacha ngazi ya sentimita 10, mahali pengine 15, kati ya barabara na udongo. Juu ya changarawe pamelala chupa zilizovunjika, miiba ya migunga, na zaidi ya vyote nyaya nyembamba za chuma zinazotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka. Tairi ya baiskeli ya mbio ina upana wa milimita 25 hadi 28 na hujazwa upepo mwingi kuliko ya gari. Waya mmoja wenye urefu wa punje ya mchele unatosha kuitoboa. Baiskeli nzito ya Black Mamba inayobeba maziwa kwenda kwa chama cha ushirika ina tairi pana zaidi na huvumilia changarawe, lakini nayo ikiwa na mitungi miwili nyuma haiwezi kushuka ile ngazi bila kupinduka. Nataja maziwa makusudi. Dereva aliyezoea kumbana mtu wa mazoezi atambana vilevile mzee anayekwenda kuuza maziwa, na huyo mzee hana kofia ngumu wala taa.

Namna ya kupita basi ni hii. Ukimwona mwendesha baiskeli, ondoa mguu kwenye mafuta mapema na umfuate ukiwa mita 20 nyuma. Angalia mbele hadi uone barabara tupu ya kutosha, na usianze karibu na kona wala kilele cha mlima. Washa indiketa, hamia upande wa pili wote, pita, na usirudi kushoto mpaka umwone mzima kwenye kioo chako cha ndani. Hivyo ndivyo unavyolipita lori lililoharibika njiani. Baiskeli isiwe tofauti kwa sababu ni nyembamba.

Honi itumike vizuri. Mlio mfupi ukiwa mita 60 nyuma ni taarifa, na unashukuriwa. Honi ndefu ukiwa mita 5 nyuma inaleta ajali, na sababu yake ni ya mwili: mtu akishtuka hugeuza kichwa kulia kutazama, bega hufuata kichwa, na baiskeli hufuata bega. Anaingia mbele yako kwa nusu mita bila kukusudia. Mwendesha baiskeli naye ajizoeze kutazama nyuma bila kuyumba: alegeze kiwiko cha kulia, ashushe kidevu kwenye bega, na uzito aubakishe kwenye pedali. Ni zoezi la kufanyia uwanjani kabla ya kwenda barabarani.

Trela zinahitaji maneno yake peke yake, maana kwenye njia hizi zimejaa. Trela likipita kwa kasi, upepo wa kichwa chake humsukuma mtu nje, kisha mkia ukipita upepo ule humvuta ndani. Anayebanwa ukingoni husukumwa kwenye changarawe kwanza, na akijirudisha kwenye lami ndipo anapovutwa kwenye magurudumu ya nyuma. Kwenye kona ya kushoto, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Hukata kona kwa ndani, upande alipo mwenye baiskeli. Kichwa kinaweza kumwachia mita 2 na mkia usimwachie kitu. Dereva wa trela asimpite mtu kwenye kona ya kushoto, hata kama barabara ni tupu. Kwenye mlima mkali pia asianze: lori linalopanda kwa kilomita 20 likimpita mtu anayepanda kwa 10 huchukua zaidi ya sekunde 10, na katika sekunde hizo gari linaweza kuchomoza juu. Likichomoza, dereva hukata kushoto akisahau kwamba mita kumi na kadhaa za mzigo bado ziko sambamba na mtu.

Kuna kosa moja linalonisumbua kuliko yote, na halifanywi na dereva aliye nyuma. Ni la yule anayekuja mbele. Anataka kulipita lori upande wake, anaangalia upande wako, anaona baiskeli, na akilini mwake barabara ni tupu. Anatoka, anakuwashia taa kali, na maana yake ni "ondoka". Yeye anakuja kwa kilomita 80 kwa saa, wewe unaenda 25; pamoja mnakaribiana kwa mita 29 kila sekunde. Akitoka ukiwa mita 150 mbele yake una sekunde 5 za kuamua. Dereva mwema asingefanya hivyo kama ungekuwa ndani ya gari dogo. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inaihesabu baiskeli kuwa chombo cha barabarani, na kwenye upande wake ina haki ile ile. Polisi wa trafiki wanaosimamisha magari kutazama stika za bima wangeokoa wengi kama wangekaa kilometa moja kabla ya milima wakawasubiri madereva hawa.

Mpaka hilo litokee, kila mwendesha baiskeli ajue namna ya kushuka kwenye lami kwa dharura. Punguza kasi ukiwa bado juu ya lami, inuka kidogo kwenye tandiko, legeza mikono, na uivuke ile ngazi kwa pembe, gurudumu la mbele likielekea nje. Ukishuka sambamba na ukingo, tairi hukwaruza ukuta wa lami na kukutupa barabarani. Ukishafika chini usijaribu kupanda tena ukiwa unaendesha. Simama, inua baiskeli, anza upya. Wengi huanguka wakati wa kurudi, hatari yenyewe ikiwa imekwisha kupita.

Matatu zina tabia yao: kumpita mtu na kusimama papo hapo mbele yake kuchukua abiria. Mita 30 kabla ya stendi, kaa nyuma ya baiskeli, iache ipite stendi, kisha egesha. Kondakta naye asifungue mlango wa kushoto kabla ya kutazama nyuma. Ndani ya senta kikomo cha mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na ikifuatwa mambo haya hayana ugumu.

Nageukia wenzangu wa baiskeli. Ukweli ni kwamba tunawachosha madereva bila sababu, tena mara nyingi.

Kundi la watu 10 wakifuatana mmoja mmoja, huku wakiachiana mita moja, lina urefu wa karibu mita 27. Wakipanga safu mbili, urefu ni mita 13. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa likilipita kundi linalokwenda 25, na kuacha mita 10 nyuma na 10 mbele, litakaa upande wa pili kwa sekunde 5 na nusu kwa kundi refu, na sekunde 4 kwa kundi fupi. Kwa kuwa gari la mbele nalo linakuja kwa 80, kundi refu linahitaji barabara tupu ya mita 210, na fupi linahitaji 150 na kidogo. Kwenye njia zenye kona kama za Dundori, tofauti hiyo ndiyo inaamua kama dereva atapata nafasi au atakata tamaa na kupenyeza. Kwa hiyo wawili sambamba, kiwiko kwa kiwiko, ni sawa. Watatu sambamba ni kosa: wa tatu anakaribia mstari wa katikati, na dereva hawezi hata kuona mbele. Kundi lisizidi watu 10. Mkiwa 30, jigaweni mara tatu na kuachiana mita 100, ili gari lipate mahali pa kuingia katikati.

Mlimani, pakiwa na magari manne nyuma yenu na mbele kuna mahali pazuri pa kusimama, simameni yapite. Mtapumzika pia. Kwenye mteremko fanyeni kinyume chake: mkienda kilomita 50 kaeni katikati ya upande wenu, kwa sababu kwa kasi hiyo shimo moja linahitaji mita nzima ya kulikwepa. Msimpungie dereva mkono apite. Hujui urefu wa gari lake wala nguvu zake, na akikuamini akapata ajali, mkono ule ni wako. Kiganja kilichonyooshwa chini kumwambia asubiri kinatosha.

Kudandia lori mlimani na kujificha nyuma ya trekta ili kukwepa upepo viachwe kabisa. Aliye nyuma ya trekta haoni shimo hadi limefika chini ya gurudumu lake. Vipokea sauti masikioni pia viachwe nyumbani. Ukipata pancha, usiitengeneze juu ya lami hata kama ni tyubu ya dakika tano. Ingia kwenye nyasi.

Taa nyekundu ya nyuma iwake hata mchana, ikimetameta. Taa za gari zikipunguzwa humulika mtu aliyevaa nguo nyeusi kutoka mita 40 au 50 hivi, ilhali gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linahitaji kama mita 60 kusimama kwenye lami kavu, na zaidi kukiwa na mvua. Dereva mzuri kabisa hawezi kukuona na kusimama. Chagueni pia njia kwa kufuata jua. Kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi, anayetoka Njoro kuja Nakuru ana jua machoni, na kioo kikiwa na vumbi haoni kitu. Saa hizo tokeni mjini kwenda magharibi, mrudi baada ya saa tatu. Taa ya mbele iwake kwa ajili ya wale mtakaokutana nao wakiangalia jua.

Mwisho ni ombi kwa KeRRA, mamlaka ya barabara za vijijini, na KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Matuta madogo ya kutikisa magari huwekwa barabara nzima, ukingo hadi ukingo, na mwenye baiskeli hulazimika kuyakwepa kwa kuingia changarawe au katikati. Acheni pengo la mita moja kila upande. Gari halipiti hapo, baiskeli inapita. Vichaka vya ndani ya kona vifyekwe kabla ya mvua za Machi, si baada ya nyasi kufika kifuani. Na mkandarasi akija kuziba mashimo, asianze katikati ambako kila mtu anaona. Aanze kwa kujaza ile ngazi ya ukingoni kwa udongo ulioshindiliwa hadi usawa wa lami, kisha arudi kuikagua baada ya mvua ya kwanza, maana maji huuchukua.

Msomaji,
Nakuru