Wastani wa 29 si wa Tikolo peke yake

Mhariri,

Nimenunua gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mara moja, hata siku ile mlipoondoa mafumbo ya maneno mkaweka tangazo la kamari. Lakini makala ya Jumamosi iliyopita kuhusu Steve Tikolo, mpigaji wetu wa kriketi na nahodha wa Kenya wa zamani, imenikwama kooni. Mwandishi wenu amechukua wastani wake wa takriban mikimbio 29, yaani alama anazopata mpigaji kwa kila mara anapotolewa, katika mechi za kimataifa za siku moja, akaulinganisha na wa Wahindi na Waaustralia, akahitimisha kwamba tulimsifu mtu wa kawaida kwa sababu hatukuwa na mwingine. Na nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2003, anasema, tuliifikia kwa hisani ya New Zealand waliogoma kuja Nairobi.

Nianze na hiyo hisani. New Zealand hawakuja, ni kweli, pointi tukazichukua. Je, Sri Lanka? Hao walikuja. Siku tatu baada ya mechi ile isiyochezwa, hapa hapa Nairobi, wakapigwa kwa mikimbio 53, Collins Obuya akiwang'oa wiketi tano, yaani kuwatoa wapigaji wao watano, na nahodha akiwa huyo huyo Tikolo. Bangladesh nao tuliwafunga, Zimbabwe tukawafunga. Hao nani alituzawadia? Kisha kwenye nusu fainali yenyewe kule Durban, mbele ya India, timu nzima ikapata 179 na 56 kati ya hizo zilitoka kwenye gongo la mtu huyu wa kawaida.

Sasa huo wastani. Mpigaji hachagui anaingia lini. Tikolo mara nyingi alikuwa akiingia wafunguzi, wale wapigaji wawili wa kwanza, wamekwisha rudi kukaa, akijua kwamba yeye akitolewa, nyuma hakuna ukuta. Mechi ya kwanza kabisa ya Kenya ya kimataifa ya siku moja, dhidi ya India mwaka 1996, alipata 65. Wiki chache baadaye kule Kandy, Sri Lanka walituandikia mikimbio 398, rekodi ya dunia ya timu katika mechi hizo iliyodumu miaka kumi, na yeye akajibu kwa 96. Mwaka 1997, fainali ya Kombe la ICC, mashindano ya nchi zisizo na hadhi kamili ya kriketi, kule Kuala Lumpur, alipiga 147 kati ya 241 zetu. Mvua ikaingia, idadi ya mikimbio waliyotakiwa kufikia ikapunguzwa, Bangladesh wakashinda kwa mpira wa mwisho kabisa. Mwaka 2000 Bangladesh wakapewa hadhi ya kucheza Test, zile mechi za siku tano za ngazi ya juu kabisa. Sisi mpaka leo hatujapewa, na baada ya 2003, wakati Tikolo alikuwa amekomaa kama embe la Desemba, mechi kubwa tulizopata zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Wachezaji wakagombana na viongozi kuhusu malipo, chama cha kriketi kikavunjwa, kingine kikaundwa, na mtu aliyepaswa kuwa akipambana na warushaji wakali kila mwezi akawa anasubiri simu. Ndugu Mhariri, mpigaji hunolewa na mipira anayorushiwa. Umnyime mipira, halafu umhukumu kwa wastani? Na bado alifika mikimbio zaidi ya 3,300, akacheza Kombe la Dunia mara tano, kuanzia 1996 hadi 2011. Huyo ndiye wa kawaida.

Kilichonichemsha zaidi hakikuwa makala yenyewe. Mwezi uliopita nilikwenda shuleni kwa mjukuu wangu kulipa karo. Nikapita karibu na stoo ya michezo, nikaona mlango umezuiwa na gongo la kriketi. Gongo zima! Mpini umefungwa utepe mweusi, ubavu una alama nyekundu za mpira, na chini limeanza kuliwa na mchwa. Nikamwuliza mwalimu wa michezo linafanya nini pale. Akasema, “Upepo wa hapa ni mkali, mzee.” Nikamwambia kwa gongo kama hilo kuna kijana wa Nairobi aliyeitetemesha dunia, anaitwa Tikolo. Akafikiri kidogo, akauliza, “Yule wa raga?” Mjukuu wangu akacheka, akidhani babu anataniwa. Mtoto huyo ana miaka kumi na moja na anaweza kukutajia wachezaji wa akiba wa timu tatu za London, na majeraha yao, goti la nani na nyonga ya nani. Ameyajulia wapi? Katika kurasa zako, bwana. Juzi nilihesabu: kurasa nne za michezo, tatu na nusu ni kandanda ya Uingereza, na iliyobaki ni picha ya kocha wa Uingereza akiwa amekunja uso. Mbio zetu wenyewe mnaziandika mtu akishinda au akishikwa na dawa, basi. Voliboli ya akina dada ndiyo usiseme.

Ninapendekeza hivi. Mwandishi wenu aje uwanja wowote wa Nairobi Jumapili moja, asimame mbele ya wiketi kwa ova moja tu, mipira sita, kijana wa miaka kumi na tisa akimrushia. Pedi nitaleta mimi. Akitoka mzima, aandike tena kuhusu wastani, na nitaisoma hadi nukta ya mwisho. Na Aprili ijayo, mwezi ule ule ilipochezwa, mchapishe jedwali zima la alama za ile mechi ya Kuala Lumpur, kwa herufi ambazo mtu wa umri wangu anaziona bila miwani.

Gongo lipo. Mwalimu aliniachia baada ya mimi kubeba jiwe kutoka getini hadi mlangoni pa stoo, na mgongo unaniuma hadi leo.

Mwandika alama mstaafu,
Ngara, Nairobi